Kina cha Mwana

Juzi binti yangu alisahau pasi juu ya gauni la nailoni. Mimi nilikuwa uani naanua nguo. Harufu ikanifikia kabla ya kelele zake, na kabla sijajua ni nini nilijikuta nimeshika ukuta kama mtoto aliyeitwa kwenda kuchapwa. Nailoni ikiungua ina harufu yake, tamu kidogo halafu chungu, na hukaa kooni. Nikajiuliza, mtu mzima mimi, naogopa nini? Ndipo nikamkumbuka mjomba wangu Shebe, Mungu amrehemu, na siku zile nilizoamini kwamba anataka kunitupa baharini.

Mimi si mwandishi. Shule niliishia la saba, na katika haya ninayoyakumbuka sina hakika ni yapi niliyaona na yapi niliyaongeza baadaye kwa kuyafikiri sana. Nitajitahidi nisimwonee mtu, hasa yeye, kwa kuwa hayupo kujitetea.

Tulikaa Likoni, nyumba ya udongo yenye mabati, mimi na mama na mjomba. Baba alikuwa na kazi ya mbali na alikuja kwa nadra. Mjomba Shebe alikuwa mdogo wake mama, na alikuwa mwimbaji wa bendi ya hoteli, zile hoteli za pwani ya kusini wanakofikia wazungu. Lakini nikisema bendi ya hoteli msidhani ilikuwa bendi ndogo. Kaseti zao ziliuzwa pale kivukoni, redioni walipigwa, na watoto wa shule walizijua nyimbo zao hata wasipojua Kiingereza kilichomo. Walipiga roki, magitaa ya umeme yanayolia kama mtu aliyebanwa na mlango. Mjomba alifuga nywele mpaka mabegani na kuvaa suruali za kubana, na kulikuwa na picha yake ukutani kwa kinyozi, jicho limefumbwa, kinywa wazi kabisa, mishipa ya shingo imesimama. Nikipita kwa kinyozi nilikuwa naangalia upande wa pili. Nilihisi mtu wa ile picha ameona kitu ambacho sisi hatukioni.

Nyumbani alikuwa mtu mwingine. Alilala mchana, akiamka anakunywa uji, halafu anakaa nyuma ya jiko akisema peke yake. Si kuimba, ni kusema, polepole, huku vidole vyake vikigonga goti. Akisimama katikati ya neno, anarudi mwanzo. Nikimuuliza, "Mjomba, wazungumza na nani?" ananijibu, "Na wenyewe." Nami sikuuliza wenyewe ni nani.

Jambo hili Mwanajuma ndiye aliyenifafanulia. Mwanajuma alikuwa binti wa jirani, kanizidi umri, kishaanza kujifunga leso mbili kama mwanamke mzima, na mimi nilimwamini kuliko mwalimu wa chuo cha Kurani. Siku moja tunachambua mchele barazani kwao, nikamwambia mjomba huzungumza na wenyewe.

"Ah! Kwani hujui?" akasema. "Mjombako ana majini."

"Mwongo wee."

"Wallahi. Mtu gani aimba usiku kucha, kila siku, na sauti haipasuki? Na akatoka hapa hapa Likoni, nchi nzima ikamjua? Wale hawampi mtu kitu bure. Na hawataki biriani, wale."

"Wataka nini?"

Mwanajuma akapuliza makapi, akaniangalia kwa huruma. "Wataka mtu wa damu yake. Na yeye hana mtoto. Ana wewe."

Nikamwambia mimi si wake, mimi wa mama na baba. Akacheka. Akanikumbusha habari ambazo nyanya yangu mwenyewe alikuwa akizisimulia, kwamba kwa watu wetu wa Kidigo, zamani, mwana hakuwa wa baba, alikuwa wa mjomba. Mjomba ndiye mwenye kauli. Akipata shida kubwa, mwana wa dada ndiye aliyetangulizwa kulipia. Nyanya alizisimulia kama habari za zamani zilizokwisha. Mwanajuma alizisema kama za kesho asubuhi. Lakini sisemi alikuwa na roho mbaya. Alikuwa ameambiwa na mtu, naye akaniambia mimi, na nadhani yeye mwenyewe alilala akiogopa.

Ikapita siku, sikumbuki ngapi, ndipo ikaja hiyo alasiri ya pasi.

Mama alikuwa sokoni. Mimi nilikuwa nimejilaza chini ya kitanda kwenye sakafu, kwa sababu ya joto, na dirisha la chumba lilifungukia nyuma ya jiko. Mjomba alikuwa hapo nje ananyoosha shati lake la kazi kwa pasi ya makaa, lile shati la nailoni linalometameta. Nikasikia hodi, na sauti ya mwanamke. Nilipochungulia nikaona buibui tu, jeusi tupu, na mkono wenye hina. Baadaye nilikuja kumjua: ni Bi Zuhura, mkuu wa kikundi cha wanawake cha kuimba maharusini. Lakini siku hiyo sikumjua, na hakuondoa ukaya usoni.

"Umefika wapi, Shebe?" akauliza. "Shughuli ni Jumamosi na mimi sina kitu mkononi."

"Imebaki kidogo, Bi Zuhura. Mwana ananisumbua."

"Akusumbua na nini?"

"Nimempima. Amezidi mizani."

"Sana?"

"Kidogo tu. Lakini akizidi kidogo, keshaharibu." Nikasikia pasi inapita, shwaa. "Itabidi nimkate."

"Mkate, basi! Wangoja nini? Mkate huko nyuma, kichwa kibaki. Hatapungukiwa na kitu."

Sakafu ilikuwa ya saruji, na nakumbuka nilivyobandika shavu langu pale, na ubaridi wake, na meno yangu yalivyoanza kugongana bila mimi kuyaambia.

"Na kina?" akauliza yule mwanamke.

"Kina ndicho kinachoninyima usingizi. Cha kati ninacho. Sasa natafuta kina cha mwana."

"Kitafute vizuri. Watu wa Mtongwe si wa kudanganywa. Kina kikiwa cha kubabaisha, watajua."

Kule Mtongwe maji yanaingia ndani ya nchi, na pale kwenye gati la zamani kila mtoto wa Likoni alikuwa ameonywa: usiende, kina chake hakina mwisho. Nilijua kwa hiyo wanazungumzia nini. Nilijua kabisa.

Mjomba akashusha sauti, akasema kama anavyosema na wenyewe, "Mwana leo nakutoa..." Akarudia, "Mwana leo nakutoa."

Sote tulijua kutoa maana yake nini. Watu husema fulani ametoa mtu kwa majini, ndiyo maana duka lake linajaa.

"Na ndani ataingia nani?" mjomba akauliza. "Mimi siwezi kuingia."

"Si umchukue huyu mwana wa dadako? Mdogo, hakuna atakayemuuliza. Ataingia, mimi nitampokea."

"Mamake je?"

"Mamake ana neno gani? Wewe si mjombake?"

"Basi asijue mtu, Bi Zuhura."

"Ajue nani? Wakijua imetoka kwa mtu wa hoteli, watairudisha mlangoni."

Sikusikia tena pasi ikipita. Halafu mjomba akapiga ukelele, ukelele wa kweli, kama wa ile picha ya kwa kinyozi: "Nimekipata! Nimekipata kina!" Na hapo hapo harufu ikaingia dirishani, tamu, chungu, na yeye akaanza kulia, "Shati langu! Shati langu la kazi!"

"Haya," Bi Zuhura akasema, anacheka mpaka anakohoa, "leo wazungu wataona kifua bure."

Mimi chini ya kitanda nilikuwa nimejikojolea.

Siku zilizofuata nilizipitisha na woga kama mtu anayepitisha homa. Niliyageuza maneno yale kichwani. Amezidi mizani, atakatwa. Basi nikipungua sitakatwa. Lakini nisipokatwa nitatupwa mzima, na mzima ndiye anayeyajua maji. Sikuweza kuchagua, kwa hiyo nilikula nusu. Mama akiniwekea wali nilikula upande mmoja na kuuacha wa pili, kama mpaka. Nikaenda dukani kwa muuza unga, alikokuwa na mizani kubwa ya kupimia magunia, nikapanda juu yake nikakaa.

"Nini tena?" akauliza mwenye duka.

"Nipime."

"Wauzwa?"

Wateja wakacheka. Nikashuka mbio. Mwenye duka hakujua kwamba swali lake lilikuwa ndilo hilo nililokuwa nikijiuliza mwenyewe.

Nilijaribu kumwambia mama. Nataka hili lijulikane, kwa kuwa watu huniambia, mbona hukusema? Nilisema. Alikuwa anakuna nazi, ameikalia mbuzi, jasho linamtoka.

"Mama."

"Nini?"

"Mjomba aweza kunitoa?"

Hakuinua kichwa. "Mjombako asipokutoa akutoe nani? Babako?"

"Wewe utakubali?"

"Nami nitakataaje? Akikutoa si raha yako? Natamani mimi nipate wa kunitoa, kila siku nimo humu ndani na nazi." Akanitupia kipande cha nazi. "Ameniambia. Jumamosi. Na usije ukamsumbua njiani."

Kwa mama, kutoa ilikuwa kupelekwa matembezi, kama watoto wanavyotolewa sikukuu. Simlaumu, ndivyo tunavyosema. Lakini mimi nilikaa pale nikaangalia nazi inavyokunwa ikishuka ndani ya sinia, nyeupe, na nikaona kwamba hata mama yumo. Sijawahi kuwa peke yangu duniani kama dakika ile, na nimezika wazazi wote wawili.

Sasa niseme haki yake mjomba pia. Siku zote hizo hakunitendea baya. Aliniletea mkate wa hotelini, ule mwembamba mrefu, kama kawaida yake. Aliniuliza, "Mbona umekonda, mama?" na mimi nikasikia furaha na hofu kwa pamoja, kwamba sasa nimefika uzito unaotakiwa. Alikuwa na uso wa mtu asiyelala. Macho mekundu. Wakati mmoja nilimkuta amesimama uani, amejishika kichwa, anasema, "Nikikosea, ndiyo basi tena." Nilidhani anayazungumzia majini.

Jumamosi ikafika. Mama aliniogesha mchana, akanipaka mafuta mpaka nikateleza, akanivika gauni la Idi, akanitia asumini nyweleni. Sikulia. Mbuzi wa Idi naye huogeshwa, na yeye halii. Nilipotoka barazani nikamkuta mjomba amevaa kanzu. Nywele zake zote amezikusanya chini ya kofia. Mjomba Shebe nilimwona na kanzu siku ya Idi na siku ya maziko tu, na leo haikuwa Idi.

Tukaenda kwa miguu. Njia ya Mtongwe ilipita kwenye mikorosho, halafu unaanza kuyaona maji vipande vipande kati ya nyumba, na mbele, kwenye kambi ya wanamaji, meli za kijivu zimesimama kimya. Mjomba alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa umelowa. Midomo yake ilikuwa inakwenda, hana sauti, na kidole chake gumba kinagonga juu ya mkono wangu, nane, halafu nane, halafu nane.

Penye mkorosho wa mwisho nilijitoa, nikaukumbatia mti.

"Nini?" akasema.

Nilibana uso wangu kwenye gome. Akachuchumaa, akaanza kuninasua vidole, kimoja kimoja, taratibu kabisa kama mtu anayelegeza nyuzi za gitaa. Angekuwa amenipiga ningeweza kupiga kelele. Ule upole wake ndio ulioniondolea sauti.

Nikapata neno moja. "Mjomba, kina kiko wapi?"

Vidole vyake vikasimama. Nikaona uso wake unabadilika, na naapa, mpaka leo naapa, kwamba aliogopa.

"Nani kakwambia habari ya kina?"

"Hakuna."

"Ulitusikia na Bi Zuhura?"

Nikatikisa kichwa, sijui ilikuwa ndiyo au la.

Akaangalia nyuma yake, njia yote. "Sikiza, mama. Usimwambie mtu. Mwenye bendi akisikia, kazi sina. Alisema kila ninachotunga ni mali yake. Na wenye shughuli wakisikia watatufukuza sote wawili hadharani. Umesikia? Utaingia, utasikiliza, utatoka. Basi."

"Nitatoka?"

"Utatoka, kwani nani atakuzuia?" Akacheka, lakini kicheko kilikuwa kikavu. "Na kina usijali. Ki tayari."

Kati ya maneno yote hayo mimi nilibeba moja tu, utatoka, nikawa nalishika. Lakini nilikuwa nimesikia pia habari za watu waliochukuliwa na majini na wakatoka, miaka imepita, hawawezi kusema tena. Nikaliangalia lile neno vizuri, nikaona halina nguvu.

Tulipofika hakunipeleka gatini. Tuliingia kwenye kichochoro mpaka nyumba moja kubwa ya mawe, ya watu wenye nafasi, na viatu vya wanawake vimejaa kizingitini mpaka njiani. Turubai limetundikwa mlangoni, na mama mmoja mnene amesimama mbele yake na upawa mkononi.

"Wanaume mwisho hapo," akamwambia mjomba.

"Najua, mama. Nimemleta mtoto tu."

Turubai likafunuka kidogo, ukatoka mkono. Niliutambua ule mkono. Hina ilikuwa mpya. Mjomba akauchukua mkono wangu, akautia ndani ya ule mwingine, akasema, "Huyu hapa." Sauti yake ilikatika. Nikafumba macho, nikavuta pumzi nyingi kadiri nilivyoweza, kama walivyonifundisha wavulana wanaojua kupiga mbizi, nikaingia.

Nilingoja maji. Sikupata maji. Nilipata joto, na udi, na vitunguu vya pilau, na kelele za wanawake wasiohesabika. Nikafungua jicho moja. Wanawake walikuwa wamevua mabuibui, wameketi mikekani, wanang'aa, dhahabu masikioni, na Bi Zuhura aliyenishika alikuwa na uso kama wa mtu yeyote, wenye mwanya.

"Pumua, mwanangu," akaniambia. "Wajifungia pumzi una nini? Kaa hapa karibu nami. Kila watakalosema, lishike umpelekee mjombako. Yeye kuja humu haruhusiwi, na asiposikia atakufa na presha."

Sikuelewa bado. Woga ukizoea mwili hauondoki kwa kuambiwa. Nilikaa nimekunja miguu, naangalia milango iko wapi.

Bibi harusi akaletwa akakalishwa, na mama yake mbele yake. Matari yakaanza, polepole, na Bi Zuhura akasimama. Akafungua kinywa:

Mwana leo nakutoa, mikononi mwangu mwana,
Macho yangu yanaloa, ingawa meno waona,
Kitanda nikitandua, nafasi yako yanena...

Beti zilikuwa nyingi, mimi nimezishika hizo tu. Lakini neno la kwanza liliponigonga niliruka. Kisha la pili likaja, na la tatu, nikamwona yule mama wa bibi harusi ameziba mdomo kwa leso, na nikaona ni yeye anayetoa. Anamtoa binti yake kwenda kwa mumewe. Mwana ni yule pale, amefunikwa shela. Na kila mstari ulipofika mwisho ulitua pale pale, mwana, waona, yanena, na, na, na, kama mtu anayeshuka ngazi na kila mguu unapata ngazi yake. Sikujua kwamba hicho ndicho kinachoitwa kina. Hilo nilifundishwa baadaye, pamoja na mizani, ambayo ni hesabu ya silabi. Alichokikata ni ile "ngu" ya "mwanangu", kwa kuwa ilizidi. Lakini mwili wangu ulijua kabla ya kufundishwa. Nikakunjua miguu, nikaacha kuangalia milango.

Chumba kilinyamaza. Hata watoto. Bi Zuhura alipomaliza hakuna aliyepiga kigelegele, na nikamwona jasho limemtoka juu ya mdomo. Ndipo bibi mmoja mkongwe, amekaa kwenye kiti peke yake kwa sababu ya magoti, akagonga mkongojo chini.

"Nyimbo hini ni ya zamani," akasema. "Hini niliimbiwa mimi, nilipokuwa mwari. Mamangu alilia hivi hivi."

"Ni ya zamani sana," akasema mwingine. "Hata nyanya yangu alikuwa akiijua."

Wakaitikia, ndiyo, ya zamani, siku hizi hawatungi hivi, siku hizi ni kupiga kelele tu. Vigelegele vikapanda. Bi Zuhura hakupepesa jicho. "Ya zamani hiyo, Bi Mkubwa," akasema. "Nani atungaye hivi sasa?" Akaninong'oneza, "Nenda. Mwambie."

Sisemi kwamba yule bibi alidanganya. Nimemfikiri miaka mingi. Nadhani aliusikia wimbo na ukakaa ndani yake mahali palipokuwa wazi tayari.

Nilimkuta mjomba ubavuni mwa nyumba, kwenye kivuli, amechuchumaa na mgongo ukutani, chini ya dirisha la mbao lililofungwa. Alikuwa amevuta sigara mpaka imemchoma. Niliposimama mbele yake sikumwogopa, na nilishangaa, kama mtu anayepapasa jino linalouma akakuta halimo.

"Sema," akasema. "Sema yote. Usinifiche."

"Walinyamaza."

Akafumba macho. "Wakanyamaza."

"Mamake bibi harusi alilia. Halafu bibi mmoja akasema nyimbo hiyo ni ya zamani. Aliimbiwa yeye."

"Alisema nini?"

"Aliimbiwa yeye, alipokuwa mwari. Na mwingine akasema nyanya yake alikuwa akiijua. Wote wakasema ya zamani. Wakasema siku hizi hawatungi hivi."

Mjomba Shebe, ambaye nchi nzima ilimjua kwa kupiga kelele maneno ya watu wengine, akaweka mikono miwili juu ya kofia yake. Akacheka. Alicheka bila sauti, mabega yanaruka, mpaka machozi yakamtoka, halafu kicheko kikaisha na machozi yakaendelea.

"Na mtunzi?" akauliza. "Hakuna aliyemuuliza mtunzi?"

"Hakuna."

"Basi," akasema. "Basi wameichukua." Alisema hivyo kama mtu aliyempeleka binti yake mwenyewe kwa wakwe, na sasa arudi nyumbani na njia ni ndefu.

Ndani matari yakaanza tena. Wanawake walikuwa wanaitaka kwa mara ya pili, nilisikia wakimwambia Bi Zuhura, "Rudia, rudia hiyo!" Mjomba akainua kichwa kuangalia lile dirisha. Lilikuwa la mbao nene, limebanwa vizuri, na kilichopita pale kilikuwa mdundo tu, maneno hayapo. Akaniambia niende nikale pilau kabla halijaisha.

Niliingia. Yule mama mwenye upawa hakuniuliza kitu. Nikapita kati ya magoti ya wanawake mpaka kwenye lile dirisha, nikajibanza nyuma ya pazia, nikainua komeo. Lilikuwa gumu, likalia kidogo. Nikasukuma mbao, upana wa kidole, si zaidi. Bi Zuhura akavuta pumzi, akaanza.

Nilisimama hapo na mgongo wangu kwenye ule ufa, namtazama kila mwanamke mmoja mmoja. Niliogopa kuliko nilivyoogopa kwenye mkorosho. Niliogopa wasije wakamwona.